Hammurabi: wanafunzi wanakwama kwenye "jicho kwa jicho"

Mwl. Kidato I: Walimu, habari za kazi. Nina vipindi viwili vya dakika 40 kuhusu sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale. Wanafunzi wakisikia "jicho kwa jicho" wanahitimisha kwamba wote walikuwa sawa. Nifanyeje waone matabaka?

Chaki: Shida ni kusoma sheria ya 196 peke yake. Isome hadi 199. Mwenye hadhi akimpofua mwenye hadhi mwenzake, naye hupofuliwa. Akimpofua mtu wa kawaida, analipa mina 1 ya fedha, takriban nusu kilo (waambie mapema kwamba ni madini, si noti). Akimpofua mtumwa wa mtu, analipa nusu ya bei ya mtumwa huyo. Andika makosa kwenye kadi na adhabu kwenye kadi nyingine, makundi ya wanafunzi watano wazioanishe kabla ya kuona jibu. Karibu wote watatoa adhabu moja kwa jicho lolote, na hapo ndipo mjadala unapoanza. Waulize pia: fedha ya jicho la mtumwa inaingia mfukoni mwa nani?

Mezani: Naongezea hesabu, maana "mina" haiwaambii kitu. Mina 1 ni shekeli 60, shekeli 1 ni punje 180 (punje ni kipimo kidogo cha uzito). Sheria ya 273 inampa kibarua punje 6 za fedha kwa siku katika miezi mitano ya mwanzo wa mwaka. Kwa hiyo shekeli 1 ni siku 30 za jasho, na mina ni siku 1,800. Wakokotoe wenyewe, kisha waulize faini hiyo inamuuma nani: kibarua, au mwenye mashamba? Halafu wape 209, 211 na 213: kumpiga mwanamke hadi mimba itoke ni shekeli 10, 5 au 2, kulingana na tabaka lake. Usiiruke 210. Binti wa mwenye hadhi akifa kwa kipigo hicho, anayeuawa ni binti wa mpigaji, ambaye hakumgusa mtu.

Mwl. Kidato I: Asanteni sana. Na utangulizi wa sheria, niusome lini?

Chaki: Mwisho. Mfalme anadai aliwekwa ili wenye nguvu wasiwaonee wanyonge. Ukianza nao, watamwamini kabla ya kumpima. Na wakisema watu wa kale hawakujua faini, waonyeshe sheria za Ur-Nammu, mfalme wa mji wa Uru, zaidi ya miaka 300 kabla yake: jicho lilikuwa nusu mina.