Mbona nyuki wanaipita nyanya?

MzingaMalava: Wadau, nina mizinga minne huku Malava. Kanzira, mboga ya majani niliyoiacha ikomaze mbegu, imechanua, na kuanzia saa mbili asubuhi ni mvumo mtupu. Hatua kumi kutoka pale kuna nyanya, maua ya njano vilevile, lakini sijaona nyuki wangu hata mmoja. Mpwa wangu anayesoma biolojia anasema ni mambo ya jeni. Nikamjibu jeni ni za kurithi pua ya babu. Nani kweli?

MstaafuKisumu: Mpwa amekushinda, ndugu yangu. Chuma ua la kanzira, ng'oa petali zote nne. Utaona nyuzi sita za chavua, nne ndefu na mbili fupi. Kwenye shina la zile fupi kuna kivimbe cha kijani, pengine na tone linalong'aa. Mbochi, yaani maji matamu wanayofuata nyuki, inatoka hapo. Mimi hutumia lenzi ya kusomea gazeti, macho yamechoka.

Kila seli ya mmea ina jeni zilezile, ila pale kivimbeni zinaamka ambazo kwingine zimelala. Zimechunguzwa sana kwa Arabidopsis, gugu dogo la maabara lililo ukoo mmoja na kanzira. Jeni iitwayo CRABS CLAW ikiharibika, ua linachanua bila kivimbe. SWEET9 ndiyo inayonifurahisha: hutengeneza protini inayokaa kwenye utando wa seli kama mlango wa kutolea sukari. Mwaka 2014 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba mmea usio na jeni hiyo hautoi mbochi. Kivimbe kipo, sukari ipo, mlango hakuna! Kisha kimeng'enya cha jeni nyingine, CWINV4, huikata sukari hiyo, sukrosi, huko nje iwe glukosi na fruktosi, nayo sukari hiyo huvuta maji. Ndilo tone lenyewe.

MzingaMalava: Na nyanya je?

MstaafuKisumu: Haina mbochi. Ina chavua tu, tena imefungiwa, hutoka ikitikiswa. Wangojee wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa. Wao hulikumbatia ua na kulitetemesha. Ajabu ni kwamba tumbaku, ndugu wa nyanya, mbochi inayo, na SWEET9 yake ilichunguzwa katika utafiti uleule.

MamaSaba: Mwalimu, kumbe ndiyo sababu siafu wadogo wanajaa kwenye maua ya kanzira yangu?

MstaafuKisumu: Hao ni sisimizi, mama. Siafu wangekufukuza shambani. Lakini ndiyo, wamefuata sukari.

MzingaMalava: Nimepasua maua saba. La saba lilikuwa na tone. Mpwa bado ananicheka.