Kumpa mwongozaji sifa zote za kazi ya Anne V. Coates ni dhuluma

Wadau wa filamu, nafungua uzi huu nikiwa nimekereka kwelikweli. Kila kinapowekwa humu kile kipande cha filamu ya Lawrence of Arabia ambapo mwigizaji Peter O'Toole anapuliza njiti ya kiberiti na papo hapo linatokea jangwa likisubiri jua lichomoze, pongezi zote humwagiwa mwongozaji wake, David Lean, kana kwamba mkanda ulijikata na kujiunga wenyewe. Aliyeukata ni mhariri wake, Anne V. Coates, Mwingereza mzaliwa wa Reigate, na jina lake halitajwi hata kwa bahati mbaya.

Mpango wa awali ulikuwa picha ya kwanza ififie taratibu huku ya pili ikijitokeza. Enzi hizo ufifishaji wa namna hiyo ulifanyika maabara, kwa hiyo katika chumba cha uhariri vipande viwili viliunganishwa kwanza hivihivi tu, na walipovitazama wakaona havihitaji kufifishwa. Lean alimwambia Coates kwamba kazi imekaribia kukamilika, akaimalizie, naye akapunguza kama fremu mbili, yaani picha mbili moja moja za mkanda. Katika filamu inayokwenda fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni sehemu moja tu ya kumi na mbili ya sekunde! Jicho la namna hiyo haliagizwi na mtu.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaojibu kwamba mhariri hufuata maagizo tu. Upigaji picha ulimalizika katika nusu ya pili ya 1962, na filamu hiyo ya karibu saa 4 ikazinduliwa London tarehe 10 Desemba mwaka huohuo; mnadhani nani alikesha nayo? Oscar ya uhariri aliyoipata hakupewa kwa hisani. Baadaye aliteuliwa tena kwa Becket, The Elephant Man, In the Line of Fire na Out of Sight, hii ya mwisho akiwa amevuka miaka 70, na kila moja ilikuwa na mwongozaji wake. Au wote hao walimwazima kipaji?

Hata Oscar ya heshima ilimfikia Novemba 2016, akiwa na miaka 90, tena katika hafla ya pembeni isiyorushwa kwenye televisheni. Alifariki 2018.

Ninachodai ni kidogo: anayeweka kipande humu na kusifia mkato wake, aandike jina la aliyeukata, na asiyelijua asome majina yanayopita mwishoni mwa filamu kabla ya kuizima.