Folk Computer na kidude cha projekta cha mkononi: nianzie mezani au niruke moja kwa moja?

karatasi_hai:

Wakuu habari zenu. Kwa muda sasa nafuatilia maendeleo ya Folk Computer, ule mfumo wa chanzo huria unaotengenezwa kule New York ambao kompyuta yake siyo skrini, ni meza nzima. Juu kuna projekta na kamera, chini unatandaza karatasi zenye tegi (alama ya visanduku vyeusi na vyeupe, inafanana na QR), na kila karatasi ni programu, ikionekana tu na kamera inaanza kufanya kazi, ukiifunika na kiganja inazima. Kilichonivuta zaidi siku hizi ni kile kidude chao cha mkononi, projekta ndogo na kamera vimefungwa pamoja unavishika kama tochi, unamulika karatasi na ile karatasi inapata uhai hapo hapo ulipo, hamna cha kutoboa dari wala kuning'iniza kitu.

Sasa mimi nina Raspberry Pi 5, projekta ndogo ya aina ya DLP, na kamera ya kawaida ya USB. Linux naijua vizuri, C naisoma, Tcl, ile lugha ya programu za Folk, ndo naanza kuizoea. Akili yangu inaniambia niache habari za meza niunde kidude moja kwa moja, maana meza yenyewe sina nafasi nayo, ila kila nikisoma naona watu wameanza na ile ya kufungwa juu kwanza ndo wakashuka mkononi. Je kuna sababu ya maana au ni historia tu? Na je, ukishakalibreti (kulinganisha) kamera na projekta mara moja si imeisha hiyo, maana zimefungwa pamoja hazisogei?

mzee_tcl:

Karibu sana mkuu, swali zuri.

Kwanza historia kidogo maana wengi wanadhani haya mambo yameanza juzi. Pierre Wellner alikuwa na DigitalDesk kwenye maabara ya Xerox pale Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, projekta na kamera juu ya meza ya kawaida, unagusa namba kwenye karatasi na kikokotoo kinaisoma. Projekta za mkononi zinazojua zinamulika wapi nazo zilishafanyiwa utafiti mwaka 2003, wale jamaa wa iLamps, halafu 2009 Pranav Mistry wa MIT akavaa ya kwake kifuani, SixthSense. Halafu kuna Dynamicland ya Bret Victor iliyoanzia Oakland, hiyo ndo mzazi wa Folk kifikra, ila mfumo wao wa Realtalk hawakuuweka mtandaoni mtu yeyote aupakue. Folk wameweka kila kitu wazi, ndo maana leo wewe na mimi tunaweza kubishana hapa tukiwa na kodi ya programu mkononi.

Kwa asiyeijua, uzuri wake uko kwenye lugha. Karatasi haiiti fanksheni ya karatasi nyingine, inatangaza tu jambo au inaomba jambo, na yeyote anayehusika ataitikia. Ukiandika

`Wish $this is outlined blue`

hujachora chochote, umetoa ombi tu kwamba ungependa kuzungushiwa mstari wa bluu, na kuna programu nyingine imekaa inasubiri maombi ya namna hiyo ndo itachora. Ukiiondoa karatasi ombi linafutika lenyewe. Na toleo jipya walilolisuka upya linagawa kazi kwenye thredi nyingi, ile ya zamani kila kitu kilikuwa kinapanga foleni moja, programu moja ikivuta miguu wote mnasubiri. Kwa kidude cha mkononi hilo siyo jambo dogo, utaona kwa nini.

Sasa kuhusu kukalibreti mara moja. Ndiyo na hapana. Kwenye meza uso ni mmoja na hausogei, kwa hiyo unaweza kudanganya, unachukua pointi 4 unakokotoa homografia moja, basi, kila nukta ya kamera ina mwenzake kwenye projekta. Mkononi ujanja huo unavunjika. Tuseme lenzi ya kamera iko sentimita 5 kutoka lenzi ya projekta, umelinganisha ukiwa mita 1 kutoka ukutani na kila kitu kimekaa sawa, sasa sogea mpaka nusu mita: mchoro wako utakaa pembeni ya karatasi kwa sentimita 2 na nusu. Hakuna kilichoharibika, ni jiometri tu, macho mawili yako sehemu mbili tofauti. Kwa hiyo lazima ufanye kweli kweli kwa 3D: ujue lenzi ya kamera inapindaje, ujue lenzi ya projekta inapindaje, ujue moja imekaaje ukilinganisha na nyingine, na ujue ukubwa halisi wa tegi uliyochapa ili kamera iweze kusema ile tegi iko mbali kiasi gani na imeinama vipi. Ukishapata hayo manne, hapo ndo unasema imeisha. Kwenye meza unaweza kuishi bila hayo muda mrefu, ndo sababu watu wanaanzia kule.

Na usichape tegi kwa ukubwa wa kukadiria, chukua rula pima kile kisanduku cheusi baada ya printa kutoa, printa nyingi zinapunguza ukurasa kidogo bila kukuambia.

nusu_volti:

Mimi napingana na mzee hapo kidogo. Hiyo kazi ya 3D hata mezani utaifanya tu siku moja, siku utakapoinua karatasi kutoka mezani ukaanza kuona mchoro unakimbia. Sasa kwa nini ujifunze njia ya mkato halafu uje uisahau. Kidude kina faida moja kubwa ambayo watu hawaisemi, kamera na projekta ukizifunga kwenye bamba moja gumu huna haja ya kujua wewe uko wapi chumbani. Tegi iko hapa mbele ya kamera, kwa hiyo iko pale mbele ya projekta, chora, kwisha. Anza na kidude.

Ila hilo bamba liwe gumu kweli, siyo gundi na kadibodi, likijipinda hata kidogo umerudi mwanzo.

mzee_tcl:

@nusu_volti sawa nakubali kwa upande wa jiometri. Ugumu wa mkononi lakini hauko kwenye jiometri, uko kwenye muda. Mezani karatasi imetulia asilimia kubwa ya wakati, mfumo ukichelewa nani atajua. Mkononi projekta yenyewe ndo inatikisika. Kamera ya fremu 30 inakula milisekunde 33 kabla hujaanza hata kutafuta tegi, ongeza kutafuta, ongeza kuchora, ongeza projekta yenyewe ambayo nyingi ndogo zinashikilia fremu moja mbili kwenye bafa (kumbukumbu ya muda) ili zipambe picha, ukijumlisha usishangae kukuta milisekunde 100. Sasa mkono wa binadamu ukigeuka polepole tu, nyuzi 10 kwa sekunde, ndani ya hizo 100 umeshageuka nyuzi 1, na kwa umbali wa mita 1 hiyo ni karibu sentimita 1.7. Mstari wako wa bluu hauko tena kwenye ukingo wa karatasi. Na mbaya zaidi, mezani mchoro ukichelewa unabaki pale ulipokuwa, ila mkononi mchoro unaondoka na mkono wako kwanza halafu ndo unarudishwa. Jicho linaona hilo haraka sana.

mwanga_hafifu:

Wazee mnaongelea milisekunde na huyu ndugu projekta yake bado hajatuambia ina lumeni (kipimo cha mwanga inaoutoa) ngapi za kweli. Achana na namba iliyoandikwa kwenye boksi, tafuta zile za ANSI, zilizopimwa kwa kiwango rasmi. Tuchukulie ni 100. Ukiwa mita 1 na picha ya sentimita 80 kwa 45 unapata kama lux 280 hivi (mwanga unaoangukia ule uso), wakati chumba cha kawaida chenye taa za ofisi kina 300 mpaka 500, yaani picha yako inashindana na taa na inapoteza. Rudi nyuma mpaka mita 2, eneo limekuwa mara 4, umebaki na 70. Ukizima taa sasa kamera haioni tegi. Ndo utamu wa hii kazi huo.

Kinachosaidia ni kuacha projekta yenyewe imulike eneo jeupe hafifu pale unapodhani tegi ipo ili kamera ipate mwanga, ila usichore kitu chochote cha rangi juu ya tegi yenyewe, utaiua. Na zile DLP ndogo nyingi zinatoa nyekundu kijani bluu kwa zamu, jicho halioni ila kamera ikiwa na eksposha (muda wa kupokea mwanga) fupi itaona mistari ya rangi inatembea. Kwa hiyo eksposha ndefu picha inakuwa ukungu mkono ukitikisika, eksposha fupi unapata mistari, chagua ugonjwa wako.

Umeme nao: pawabanki ya 20,000 mAh ni kama Wh 74, ukitoa kinachopotea njiani una 60 hivi. Projekta ya wati 15 na Pi wati 10, masaa mawili na kidogo. Inatosha, ila Pi 5 inataka volti 5 na ampia 5 na pawabanki nyingi hazitoi hiyo, utaona inalalamika umeme mdogo na inakubania vifaa vya USB, na kamera yako ni ya USB.

karatasi_hai:

Asanteni sana, nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa najenga. Nimemfuata @nusu_volti, naomba radhi mzee 😅

Kamera na projekta nimezifunga kwenye kipande cha alumini, na ile kamera ya USB nimeiweka pembeni nimechukua ile ya Raspberry Pi ya 2023 inayonasa fremu nzima kwa mpigo mmoja, maana ile ya mwanzo ilikuwa inasoma picha mstari kwa mstari na nikigeuza mkono tegi inalala upande kama imesukumwa, programu inaipata lakini inasema iko mahali ambapo haipo. Ina megapikseli 1.6 tu lakini kwa tegi inatosha na kuzidi. Halafu kwenye kitafutaji cha AprilTag (ndo aina ya tegi zenyewe) nimeweka quad_decimate kuwa 2, inatafuta visanduku kwenye picha yenye robo ya pikseli, kasi imepanda sana, gharama yake ni kwamba tegi za mbali inazikosa.

Kingine nimejionea, ukikata karatasi ukafuata ukingo mweusi wa tegi haisomeki kabisa ukiiweka kwenye meza nyeusi. Ule ukingo mweupe wa nje ni sehemu ya tegi, siyo pambo.

Tegi inasomeka, mstari unazunguka karatasi, nikitulia imekaa vizuri sana yaani unatabasamu mwenyewe. Nikitembea ndo inayumba kama mzee alivyosema. Nilijaribu kulainisha kwa kuchukua wastani wa fremu chache za nyuma, mtetemo umeisha lakini sasa mchoro unavutika nyuma zaidi. Nipite njia gani hapa? Nafikiria kuongeza kihisi cha mzunguko nikisie mkono utakuwa wapi.

nusu_volti:

Hahaha karibu upande wetu. Wastani utoe, wastani ni kuchelewa kwa hiari. Kihisi cha mzunguko ni wazo zuri kabisa, kinasoma mara mamia kwa sekunde wakati kamera imelala, tegi inakupa ukweli kila fremu na katikati ya fremu kihisi kinakubeba. Angalia pia menyu ya projekta kama ina hali ya gemu, washa hiyo, na zima yale marekebisho ya kunyoosha picha iliyopinda, yanakula fremu bure na kunyoosha unafanya mwenyewe kwenye kodi.

mzee_tcl:

Radhi imepokelewa.

Weka kihisi, lakini kabla ya hapo badilisha unachochora. Mstari mwembamba unaofuata ukingo wa karatasi ndo mtihani mgumu kuliko yote, sentimita 1 ikikosea kila mtu ameona. Weka maandishi pembeni ya karatasi, au jaza eneo lote na rangi inayomwagika nje ya ukingo, kosa lile lile halionekani. Mimi kwenye ya kwangu nimeweka kitufe cha kidole gumba: mkono ukiwa unatembea inaonyesha nukta tu juu ya kila karatasi inayoijua, ukibonyeza ndo inafungua yaliyomo, na mtu akitaka kusoma mkono wake unatulia wenyewe bila kuambiwa. Kwa upande wa kodi kitufe ni tangazo kama tangazo lingine lolote, karatasi inaandika `When` inasikiliza kama kimebonyezwa, hugusi kitu kingine.

Na zile za mbali unazozikosa, usiirudishe decimate, chapa tegi kubwa zaidi. Familia ya 36h11, yaani seti moja ya AprilTag, ina tegi 587 tu, kwa kidude inatosha, ila ukija kutaka maktaba nzima ya karatasi hamia 52h13, ina zaidi ya 48,000, lakini fremu yake ambayo kamera inaitafuta ni ndogo zaidi kwenye tegi ya ukubwa ule ule, kwa hiyo karatasi ile ile utalazimika kuisogelea.

karatasi_hai:

Hiyo ya nukta halafu kitufe nimeipenda, kuna pini kwenye Pi zipo wazi. Naisuka leo. @mwanga_hafifu na wewe ulikuwa sahihi kuhusu umeme, Pi inanililia hapa, nimeitenganisha na projekta kila moja na betri yake kwa sasa, kidude kimekuwa kizito lakini hakizimi.

mwanga_hafifu:

Betri weka chini kwenye mshikio, siyo nyuma. Uzito ukiwa chini mkono hautetemeki sana, utapunguza kazi ya hicho kihisi.