MREJESHO: Picha za Usambara zenye hisia

Wakuu, salamu. Niliuliza hapa namna ya kupiga picha za milima ya Usambara zibebe majonzi ya kumpoteza bibi yangu, aliyelima Lushoto maisha yake yote. Zangu zilikuwa kama picha za kalenda: anga la bluu, kila kitu kinang'aa. Nawashukuru sana mlionijibu.

Ushauri uliofanya kazi kuliko wote ni kuachana na mchana na kwenda Irente, jabali lililo karibu na Lushoto, alfajiri mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umefunika bonde la Mazinde. Ukungu unafuta vya mbali, kwa hiyo mti ulio ukingoni mwa jabali unabaki peke yake. Aliyeniambia niuweke mti huo pembeni, chini kabisa, na sehemu kubwa ya picha niiache tupu, Mungu akubariki. Mama alipoiona aliomba nimsafishie moja aitundike sebuleni.

Kamera ikiamua mwangaza yenyewe, ukungu mweupe hutoka wa kijivu. Niliuacha hivyo makusudi, huzuni ilikuwa humo. Anayetaka ukungu mweupe wa furaha aongeze mwangaza kama stopu moja, yaani mwanga mara mbili.

Nyeusi na nyeupe haikunifaa, iliua kijani cha mashamba, na bibi yangu ni mashamba yale. Nikapunguza rangi tu. Maporomoko ya maji ya Soni kwa shata (mlango wa kamera unaopitisha mwanga) iliyofunguka nusu sekunde nayo yalilainika vizuri, ila hisia hakuna. Mwenye uzoefu wa kupiga picha za maji aniandikie, natarajia kurudi huko masika.