Mrejesho: kopo la tumbaku ya kiko, Full Virginia Flake, limefika Lubumbashi

Wandugu, niliuliza namna ya kupata Penzance, mchanganyiko wa tumbaku ya kiko wenye Latakia, hapa Lubumbashi, na namna ya kuzuia tumbaku ya kiko isikauke wakati wa kiangazi. Aksanti kwa majibu.

Penzance nimeiacha kwa sasa. Inatengenezwa na J.F. Germain & Son kisiwani Jersey, haitoshi kamwe, na walanguzi wanaipandishia bei bila haya. Kilichofika, mkononi mwa msafiri wa Brussels, ni kopo la gramu 50 la Full Virginia Flake ya Samuel Gawith. Si mbadala wa Penzance: hii ni tumbaku aina ya Virginia, haina ule moshi wa Latakia, tumbaku inayokaushwa kwa moshi.

Kagua kopo kabla ya kulipa. Likiwa na kutu kwenye ukingo wa kifuniko, hewa huenda imeshaingia. Hili lilikuwa zima, ila tumbaku ina unyevu mwingi mno. Ukiijaza hivyo, kiko kinazimika kila mara na mvuke unaunguza ulimi. Fikicha vipande 2 vya tumbaku, tandaza kwenye karatasi kivulini. Kwa hewa kavu ya Julai, angalia kila dakika 10: finya kwa vidole, ikiachia polepole bila kushikamana, jaza. Ikivunjika kwa mlio, imepitiliza.

Iliyobaki iko kwenye bokali ya kioo yenye mpira kwenye mfuniko, mbali na jua. Ganda la chungwa, ambalo watu huweka ndani ili tumbaku isikauke, nimelikataa, linaleta ukungu.

Mwenye njia ya kupata mchanganyiko wowote wa Latakia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, aseme.