Naomba ushauri: kufunga paipu ya geji ya presha ya oili kwenye Eunos Roadster, nyuzi zimegoma

Kijana_Kizota

Habari zenu wakuu. Nipo Dodoma, Kizota. Nina Eunos Roadster (ndiyo Mazda MX-5) ya 1997, injini ya 1.8, imetoka Japani. Gari hili nalipenda na nalitunza, ndiyo maana naandika kabla halijaharibika.

Kilichonisumbua ni mshale wa presha ya oili kwenye dashibodi. Tangu ninunue gari haujawahi kubadilika: ukiwasha unapanda katikati, unakaa hapohapo. Mwezi uliopita nilitoka Morogoro mchana wa jua kali, nikapanda Gairo injini ikilia, nikasimama Kibaigwa kununua maji huku injini imechemka na inanguruma taratibu. Mshale uleule, katikati. Presha ya oili haiwezi kuwa moja wakati wote. Nikaagiza geji ya kimakanika, ile inayopelekewa oili yenyewe kwa kijipaipu cha nailoni. Imetengenezwa Marekani.

Jumamosi fundi alifungua swichi ya oili pale karibu na filta, akaanza kuingiza kiungio cha brasi kilichokuja na geji. Kiliingia kwa mkono mizunguko mitatu bila shida, wa nne kikakaza. Fundi akataka kuzungushia tepu nyeupe ya mabomba halafu avute kwa spana ndefu. Nikamwomba asimame. Gari lipo juu ya stendi mpaka sasa.

Je, akaze au asikaze? Na hiki kijipaipu cha nailoni kupita ndani ya gari, karibu na miguu yangu, ni salama? Naona chembamba sana.

Spana_Kumi

Mkuu weka tepu ya kutosha, kaza. Nimefunga hivyo mara nyingi.

Mkereza_Vyuma

Asikaze. Kijana, ulifanya la maana kumsimamisha.

Injini za Mazda, kama Toyota na Subaru, zina tundu la swichi ya oili lenye nyuzi za Kiingereza, 1/8 BSPT. Kiungio kilichotoka Marekani ni 1/8 NPT, nyuzi za Kimarekani. Kwa macho hutofautishi. Lakini BSPT ina nyuzi 28 kwa inchi na pembe ya nyuzi ni digrii 55; NPT ina 27 kwa inchi na pembe ni digrii 60. Kwa sababu zinakaribiana hivyo, zinakubaliana mizunguko mitatu minne ya kwanza, halafu zinaanza kulana. Ukivuta kwa spana, kiungio kitaingia, na utadhani kimekaa. Kumbe kinashikwa na nyuzi mbili tu zilizopondeka, na tepu ndiyo inayozuia oili. Siku injini imechemka sawasawa, inaanza kulia machozi.

Una bahati moja: bloku ya injini hiyo ni chuma cha kusubu, na kiungio ni brasi, laini. Kwa mizunguko mitatu ya mkono hakuna kilichoharibika upande wa bloku. Kitoe, safisha tundu kwa kitambaa, rudisha swichi ya zamani kwa mkono uone kama inaingia laini. Ikiingia, umepona.

Halafu tafuta kiungio chenye BSPT upande wa injini na NPT upande wa geji. Ukikosa, njoo na vyote viwili kwa fundi yeyote wa kukereza, ni kazi ya muda mfupi.

Na tepu, Spana_Kumi, ndugu yangu, mimi siipendi kabisa kwenye njia ya oili. Kipande kikikatika kinasafiri. Tumia gundi ya maji ya nyuzi, na acha uzi wa kwanza mtupu.

Roadster_Iringa

Nakujibu kuhusu mshale. Haujafa, umeundwa hivyo. Roadster za mwanzo, zile za 1989 na miaka iliyofuata, zilikuwa na sensa ya kweli na mshale uliyumba kadiri unavyokanyaga mafuta. Kufikia 1995 Mazda walibadilisha: nyuma ya mshale kuna swichi ya kuwaka na kuzima tu. Presha ikizidi psi chache (psi ni kipimo cha presha), mshale unakwenda katikati. Ikianguka kabisa, unashuka. Hapo katikati, yote yanayotokea huyajui. Kwa hiyo geji ya kweli unaihitaji, hukukosea.

Weka kiungio cha njia tatu ili swichi ya zamani ibaki upande mmoja na geji mpya upande wa pili. Ila usirundike vitu vizito palepale kwenye bloku. Injini inatikisika, na nilishaona kishingo cha brasi kimekatika kwa kubeba uzito. Toa mpira mfupi kwenye bloku, ile njia tatu ifunge kwenye bodi ya gari.

Mama_Wawili_Ipagala

Mdogo wangu, mimi nataka kuzungumzia hiyo nailoni, kwa sababu ilinichoma.

Nilikuwa na gari lenye geji kama yako. Aliyenifungia alitoboa ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, akapitisha nailoni kwenye tundu tupu la bati, bila raba. Miezi kadhaa hakuna tatizo. Siku moja natoka Mtera kurudi Dodoma, nikahisi joto kwenye kifundo cha mguu wa kulia, halafu harufu. Nilipotazama chini kapeti imelowa oili, inaruka kama maji ya bomba lililopasuka. Nilizima injini palepale na kutoka. Kovu ninalo mpaka leo, na injini iliponea chupuchupu kwa sababu nilizima mapema.

Bati lilikuwa limeikata taratibu kama msumeno. Kama utapitisha chochote pale, weka raba nene kwenye tundu, na juu yake kipande cha mpira wa kukinga. Usiahirishe.

Kijana_Kizota

Pole sana dada, na asante kwa kunieleza. Nimetoa kiungio jana jioni, swichi ya zamani imeingia kwa mkono mpaka mwisho. Mkereza_Vyuma, nakushukuru mno.

Sasa niache nailoni nitumie kopa? Kuna fundi ananiambia kopa ndiyo ya kudumu.

Mstaafu_wa_Reli

Kopa ni nzuri ukiijua tabia yake. Geji yako ina kijibomba kilichopinda ambacho presha inakinyoosha kidogo, na mshale unafuata. Mfaransa Eugène Bourdon alikiandikishia hataza mwaka 1849, na injini za mvuke tulizozirithi zilikuwa na geji za namna hiyohiyo. Nimezifungia paipu za kopa miaka mingi.

Kopa ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu, ikiwa ngumu inapasuka, na inapasuka palepale kwenye nati. Kwa hiyo kabla ya kufunga unaichoma mpaka iwe nyekundu ya kufifia, unaiacha ipoe, inarudi laini. Halafu karibu na injini unaizungusha mara mbili tatu kama springi, ili mtikisiko uishie kwenye zile duara. Asiyefanya hayo mawili asifunge kopa.

Jambo jingine: oili ndani ya paipu hiyo haizunguki, imesimama. Upande wa geji haina moto sana. Paipu ikipasuka ndipo ile ya moto inakimbilia nje.

Kijana_Kizota

Shikamoo mzee. Nimeelewa.

Trekta_Kibaigwa

Mimi nafunga mipira ya haidroliki ya matrekta. Kwa heshima ya mzee, kwa gari linalotembea barabara zetu ningechagua mpira wenye nyavu za chuma, ule mwembamba. Hauna ugumu wa kopa, na joto haliuyeyushi kama nailoni. Viungio vya BSP, hizo nyuzi za Kiingereza, ndivyo tunavyotumia kila siku, hutahangaika.

Muhimu kuliko vyote: upande wa bloku weka kizibo chenye tundu la milimita 1. Presha itafika kwenye geji kama kawaida, kwa sababu oili haitembei. Lakini mpira ukikatika, oili inatoka kwa uzi mwembamba, unapata muda wa kuzima. Bila hicho injini inamwaga oili yake kwa dakika chache.

Na kama moyo wako hautaki oili ndani kabisa, nunua geji ya umeme. Sensa inabaki kwenye injini, ndani unaingia waya tu. Dada wa Ipagala angekuwa na ya umeme asingeungua.

Mama_Wawili_Ipagala

Ndiyo niliyoweka baadaye.

Kijana_Kizota

Wakuu, wiki mbili zimepita, narudi na majibu.

Nilikaa nayo usiku mzima nikaamua: geji ya makanika nimeibakiza, lakini haiko ndani. Nimeifunga kwenye kibati chini ya kioo cha mbele, upande wa nje, naisoma kupitia kioo nikiwa nimekaa. Oili haivuki ukuta. Mpira ni wa nyavu za chuma, kiungio cha BSPT nilikerezewa hapa Kizota, chenye tundu la milimita 1. Kabla ya kuwasha tulichomoa soketi ya koili, tukapiga stata mpaka mshale ukapanda, tukafuta kila kiungio kwa karatasi ya chooni. Kavu.

Nimekwenda Kibaigwa na kurudi. Injini ya baridi psi 60. Ikichemka, kwenye rpm 3000 (mizunguko ya injini kwa dakika) inasoma 46. Ikinguruma taratibu, 15. Mshale wa dashibodi muda wote huo upo katikati.

15 si ndogo?

Mkereza_Vyuma

Mafundi tunahesabu psi 10 kwa kila rpm 1000. Ya kwako inazidi hapo, injini ikizunguka taratibu na ikizunguka kasi. Endesha.

Mstaafu_wa_Reli

Wiki ijayo fungua boneti uuangalie mpira wote kwa tochi. Vumbi letu jekundu likishika mahali pamoja na kuwa tope, pana uvujaji hapo hata kama hujaona tone.