Yule fundi anapima plagi kwa UKUCHA! Kobe wangu kaumia

Wakuu wa Mtwara, nimeingia ndani sasa hivi, mikono bado ina oili. Simtaji. Yule wa pale chini ya mwembe, wote mnamjua.

Nimempelekea Kobe wangu, Volkswagen 1300, silinda moja haichomi. Kafungua plagi aliyoifunga yeye mwenyewe, ncha ya pembeni imelala kabisa juu ya ile ya katikati, hakuna nafasi hata ya kupitisha karatasi. Hakujiuliza kitu gani kimeibana. Kaipanua kwa bisibisi, halafu kapima kwa UKUCHA. Ukucha wa dole gumba, wakuu, wenye grisi ya tangu Mjerumani yuko Mikindani!

Nikamwambia, fundi, nafasi hapa ni milimita 0.6 hadi 0.7, chukua vile vibapa vya kupimia. Akawageukia wateja wote: "Huyu mzee anadhani gari lake ndege." Watu wakacheka, mpaka muuza kahawa.

Kawasha. Tak tak tak, kimya. Kafungua, imeziba tena. Kapanua tena. Ukucha tena!

Nikampokonya, nikailaza kiganjani sambamba na ile ya zamani. Yake ndefu! Shina la nyuzi la Kobe ni milimita 12.7, yeye kafunga la 19. Milimita sita na ushee zimezama ndani, pistoni ikipanda inaibamiza. Na NGK, wenye kutengeneza hizo plagi, wameandika wazi: H fupi, E ndefu. B6HS siyo B6ES! Herufi moja tu, lakini atasoma saa ngapi na kazi yote kaiachia ukucha?

Halafu silinda hedi ni ya aluminiamu. Nyuzi zikichomoza mle ndani zinashika masizi, siku ya kufungua zinakwangua tundu lote. Atanilipa nani?

Mnazi Mkinda: Nimekaa siti ya mbele na korosho zangu. Endelea mkuu.

Dereva wa Mingoyo: Huyo huyo! Platini za Land Rover yangu, zile za kukata umeme wa plagi, alizikisia kwa macho. Pale nafasi inatakiwa milimita 0.35 hadi 0.40, yeye kaacha mlango wa kupita mbuzi.

Bi Shangani: Kaka, hilo gari si bora uuze chuma chakavu ununue pikipiki?

Kobe1300: Dada, sijaomba ushauri wa biashara. Nimesema kapima kwa UKUCHA, mbele za watu. Vipuri vipo tele, Mexico wamemtengeneza mpaka 2003.

Bi Shangani: Haya, usinipigie kelele, mimi siyo fundi wako.

Spana Kumi: Mkuu, usiwashe tena hiyo injini. Toa plagi zote nne, zungusha puli kwa mkono, sikiliza kama kuna kinachogota. Mulika tochi tunduni uangalie kichwa cha pistoni kama kina jeraha. Kikiwa kizima, weka B6HS mpya, anza kuifunga kwa vidole kabla ya spana. Nafasi irekebishe kwa kupinda ncha ya pembeni tu, ukilazimisha ya katikati unapasua kauri.

Kobe1300: Asante mkuu. Hayo ndiyo maneno ya fundi. Yule kaniambia ndege!

Mnazi Mkinda: Kwani ndege wanapima na nini? 😂

Mkulima Newala: Nyie mna plagi. Sisi korosho tumepeleka ghalani, hela hatuzioni, watoto wanadaiwa madaftari. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Dereva wa Mingoyo: Mkulima umesema kweli. Na makato je?

Mkulima Newala: Makato usiyaguse, nitalia hapa.

Lindi Yetu: Bora nyie. Huku kwetu umeme umeondoka tangu asubuhi, samaki wameoza kwenye friji.

Bi Shangani: Samaki gani? Mimi leo feri nimeuziwa pweza kwa bei ya mbuzi.

Mkulima Newala: Mkubwa au mdogo?

Bi Shangani: Mdogo! Na muuzaji mnamjua.